Nikiolewa, nani atabaki na mdogo wangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, mtoto wa pili kwetu. Aliyenitangulia ni kaka yangu, ameshaoa na anaishi mbali. Anayenifuata ni mdogo wetu wa kiume, ana miaka 22, na amezaliwa na sindromu ya Down. Nakuandikia kwa sababu nina mchumba, mambo ya ndoa yameanza kuzungumzwa, na badala ya furaha nimejaa hofu na hasira ambazo sijui nizipeleke wapi.

Nianze na mdogo wangu mwenyewe, usije ukadhani simpendi. Ni mtu wa utaratibu. Kila jioni hupanga viatu vya watu wote mlangoni, vimeangalia nje, vya baba mwanzo na vyake mwisho, na mgeni akivua vyake ovyo hurekebishwa papo hapo. Anaoga mwenyewe, anavaa mwenyewe, anakunja nguo vizuri kuliko mimi. Maneno yake hayatoki sawasawa, ndiyo maana tangu nikiwa na miaka tisa kazi yangu ilikuwa kusimama kati yake na wageni nikirudia alichosema. Mpaka leo mama asipomwelewa huniita: "Hebu njoo, mwenzako anataka nini?"

Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alipopelekwa kufanyiwa upasuaji niliachwa kwa jirani, na hakuna aliyenieleza kinachoendelea. Nilijua tu kwamba watu wazima wakiniona wananyamaza. Nadhani hapo ndipo nilipojifunza kutowasumbua wazazi. Nikiumwa, nilimeza dawa nikalala. Nilipofaulu vizuri mtihani wa mwisho wa shule, mama alisema, "Wewe nilijua utafaulu tu," akarudi kumhesabia mdogo wangu vidonge. Hakusema kwa ubaya. Lakini sijasahau.

Sasa tatizo lenyewe. Wazazi wanazeeka, baba ana shinikizo la damu, mama magoti yanamsumbua. Hatujawahi kukaa tukazungumza nani atakuwa na mdogo wangu wakiondoka, ila kila mtu anaongea kana kwamba jibu linajulikana. Mama akimtambulisha kwa wageni husema, "Huyu ana dada yake, mimi sina wasiwasi." Kaka yangu hajawahi kuulizwa lolote. Anatuma fedha akikumbuka, anasifiwa, basi. Siku moja nilimgusia baba jambo hili. Akaniambia kwamba mdogo wangu alipozaliwa waliambiwa hatafika ukubwani, kwa hiyo kila mwaka alio nao ni zawadi, nisimletee mawazo.

Mchumba wangu mwenyewe hana neno. Ila mama yake amemtuma aniulize kama ugonjwa huu uko katika ukoo wetu na kama watoto wetu watazaliwa hivyo. Swali lilinichoma. Lililoniuma zaidi ni kwamba hata mimi nimekuwa nikijiuliza hivyo hivyo usiku.

Juzi ndugu walikuja kuzungumzia ndoa. Watu wakiwa katika vicheko, mdogo wangu akauliza, "Na mimi nakaa na nani?" Wakazidi kucheka, mama akampa vikombe apeleke jikoni, mazungumzo yakaendelea.

Shangazi, kuna siku natamani kwenda mahali ambapo mimi si dada wa mtu yeyote. Kisha namtazama anavyonisubiri nirudi kazini, najichukia. Nikiolewa nitakuwa nimemtupa? Na mchumba wangu nimwambie nini kuhusu kesho ambayo hata mimi siijui?

Dada wa katikati

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mama wa mchumba wako, maana swali lake lina jibu la kitaalamu na halistahili kukukosesha usingizi hata usiku mmoja zaidi. Sindromu ya Down hutokea pale mtu anapokuwa na nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili (kromosomu ni nyuzi ndogo ndani ya seli za mwili zinazobeba urithi wetu). Jérôme Lejeune na wenzake wa Ufaransa walilitangaza hilo mwaka 1959. Kwa watu wapatao 95 kati ya 100 wenye hali hii, nakala ile ya ziada ilijitokeza wakati yai au mbegu inatengenezwa. Haikurithiwa, na hakuna alichofanya mama wala baba kikaileta. Wachache, kama 3 au 4 katika 100, wana aina ambayo kromosomu ya 21 imeshikamana na kromosomu nyingine. Katika hao wachache ndimo inapowezekana mzazi, au ndugu asiye na dalili yoyote, kuwa amebeba mpangilio huo na kuweza kuupitisha kwa watoto.

Kipimo cha kromosomu, ambacho ni cha damu tu, kinatofautisha aina hizi. Tafuta karatasi za hospitali za mdogo wako alipokuwa mchanga. Kama hakupimwa, au karatasi zimepotea, anaweza kupimwa hata sasa. Ikionekana yake ni ile aina ya kawaida, basi uwezekano wako ni sawa na wa mwanamke mwingine yeyote wa umri wako. Kwa umri wako ni chini ya mtoto 1 katika 1,000. Kwa anayejifungua akiwa na miaka 35 ni kama 1 katika 350, na akiwa na miaka 40 ni kama 1 katika 100. Ikionekana ni ile aina nyingine, upimwe na wewe, kisha mwende wawili kwa daktari wa masuala ya kurithi mpate maelezo kamili. Majibu hayo mchumba wako ndiye ayapeleke kwa mama yake. Usiende kujieleza kwa wakwe kama mtu aliyekamatwa akificha kasoro.

Hilo nimeliweka pembeni. Kilichonisimamisha katika barua yako ni yale maneno matano: "Na mimi nakaa na nani?"

Mwanangu, mdogo wako ameuliza swali lile lile ulilolibeba miaka yote, ambalo wazazi wako wanalikwepa. Ameliuliza mbele za watu, kwa wakati wake, na kwa sauti iliyoeleweka. Akapewa vikombe. Wewe unayemfasiria tangu utotoni umeniandikia tukio hilo kwa mistari michache ukapita, na sikulaumu, maana kwenye nyumba yenye mtoto mwenye mahitaji maalumu watu huzoea kuzungumza juu ya kichwa chake hata akishaota ndevu. Lakini huyu ni mtu mzima wa miaka 22. Anajua kwamba unaondoka. Anaona baba anavyokunywa dawa na mama anavyoinuka kitini kwa shida. Huenda ana hofu kuliko wewe, kwa kuwa wewe walau unaweza kuniandikia.

Kwa hiyo kabla hujaamua kama utakuwa umemtupa au hukumtupa, rudi kwake. Kaa naye akiwa ametulia, mwambie, "Ulituuliza utakaa na nani. Ni swali zuri. Bado hatujui, lakini tutapanga na wewe." Usimwahidi usichoweza kutimiza. Akirudia swali kesho na keshokutwa, mjibu vilevile bila kuchoka, maana jibu linalofanana kila siku litampunguzia hofu.

Haki ya kuulizwa imeandikwa, tena rasmi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtu mwenye ulemavu ni mtu kamili mbele ya sheria na apewe msaada anaouhitaji ili afanye maamuzi yake. Ibara ya 19 inamtambulia haki ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao, sawa na wengine. Nakutajia haya kwa sababu najua siku ya kikao kuna mjomba atakayesema, "Huyu atajua nini?"

Kumuuliza nako kuna namna yake. Ukimwambia, "Utapenda kukaa na kaka?" huenda akasema ndiyo, na ukimuuliza kuhusu mimi asiyenijua atasema ndiyo vilevile, kwa kuwa watu wengi wenye ulemavu wa akili wamefundishwa maisha yao yote kwamba kukubali ndiko kunakofurahisha wakubwa. Wengine huchagua lile neno la mwisho walilosikia. Basi tumia picha za nyumba na za watu anaowajua. Sentensi ziwe fupi, moja moja. Muulize leo, umuulize tena siku nyingine ukigeuza mpangilio, uone kama jibu linabaki palepale. Na kabla ya maneno, mpe kitu cha kulinganisha: alale kwa kaka yenu siku mbili tatu, alale kwako ukishahamia kwako, alale kwa ndugu mwingine anayempenda. Mtu hawezi kuchagua asichowahi kukionja. Tena safari hizo zina faida nyingine kubwa. Pigo baya kuliko yote kwa mtu kama yeye ni kumpoteza mama, kitanda chake na ratiba yake ndani ya wiki moja, halafu apelekwe kwenye nyumba ambayo hajawahi kulala. Hilo mnaweza kulizuia sasa, wazazi wakiwa hai.

Nije kwa baba yako. Usimwone mkaidi. Mzazi aliyeambiwa na wataalamu kwamba mtoto wake hatakua hujiandaa kumzika mtoto. Hakuna aliyemfundisha kujiandaa kwa siku ambayo mtoto atamzika yeye. Na walichoambiwa hakikutoka hewani. Nchini Marekani, mwaka 1983, wastani wa maisha ya mtu mwenye sindromu ya Down ulikuwa miaka 25 hivi. Leo, panapopatikana upasuaji wa moyo na matibabu mazuri, ni karibu miaka 60. Karibu nusu ya watoto wenye hali hii huzaliwa na tatizo la moyo, na wengi wanaishi leo kwa sababu lilirekebishwa mapema, kama lilivyorekebishwa la mdogo wako. Nenda ukampe baba habari hii kama habari njema, ambayo kweli ndiyo ilivyo, kisha umwambie ndiyo maana tunahitaji mpango wa miaka 40 ijayo. Nadhani atakusikiliza zaidi kwa njia hiyo kuliko ukianza na kifo chake.

Mama naye, anaposema "huyu ana dada yake", anajituliza. Ndilo jambo linalomwezesha kulala. Lakini limekugeuza mzazi wa tatu bila kukuuliza, na mimi nasema waziwazi kwamba hilo si haki. Wataalamu wa familia wameandika tangu miaka ya 1970 kuhusu mtoto anayepewa nafasi ya mzazi ndani ya nyumba. Kumsaidia ndugu hakumharibu mtoto. Dada wengi kama wewe wanakua wavumilivu, wenye jicho la kuona aliyeachwa pembeni, na nina hakika hiyo ni sehemu ya sababu mchumba wako amekupenda. Kinachoumiza ni kazi isiyo na mwisho wala shukrani, tena isiyoruhusu kusema nimechoka. Wewe ulikuwa mtoto mdogo kwa jirani, hujui kama ndugu yako atarudi hai, na hakuna mtu mzima aliyepiga magoti akakuambia kinachoendelea. Ungeambiwa. Ungekumbatiwa pia siku ya matokeo ya mtihani. Nakuambia mimi, kwa niaba ya watu wazima ambao hawakukuambia: ulifanya kazi kubwa, na furaha yako ilistahili jioni nzima ya kwake yenyewe.

Kutamani mahali ambapo wewe si dada wa mtu hakufuti upendo wako hata kidogo. Karibu kila aliyekua na ndugu wa namna hii amewahi kutamani hivyo, na wengi hawajathubutu kusema. Don Meyer, kule Seattle nchini Marekani, alilitambua hilo katika miaka ya 1980, akaanzisha mikutano ya watoto wenye ndugu wenye ulemavu, inayoitwa Sibshops. Wanacheza, wanakula, na katikati ya michezo wanasema mambo ambayo nyumbani hayasemeki: wivu, aibu, fahari, hofu ya kesho. Mikutano hiyo imeenea nchi nyingi. Wewe umeshapita umri wa michezo, lakini bado unamhitaji mwenzako. Uliza kwenye shule ya mahitaji maalumu aliyosoma mdogo wako, au kwenye chama cha wazazi. Wale watoto aliosoma nao wote walikuwa na kaka na dada. Tafuta mmoja. Kuzungumza na mtu ambaye huhitaji kumweleza chochote tangu mwanzo kutakupumzisha kuliko ushauri wangu.

Sasa kikao. Kiitishwe kabla ya mazungumzo mengine ya ndoa, na wawepo watu watano: wazazi wako, wewe, mdogo wako, na kaka yako. Kaka yako asipoweza kusafiri kuja, awepo kwa simu, lakini awepo. Hapa sitapindisha maneno: ameachwa nje kwa sababu ni mwanamume, na wewe umewekwa ndani kwa sababu ni mwanamke. Mdogo wenu ni mwanamume mtu mzima. Siku akiumwa na kuhitaji kuogeshwa, akiwa na maswali ya mwili wake au ya mapenzi (na atakuwa nayo, kama kijana yeyote), anamhitaji ndugu wa kiume. Hiyo si kazi ya kutumiwa kwa simu. Mwambie kaka yako bila kufoka: "Sikuombi unisaidie mimi. Huyu ni mdogo wako kama alivyo wangu. Utachukua lipi?" Kisha nyamaza mpaka ajibu.

Msijaribu kumaliza yote siku moja. Likipatikana jibu la maswali mawili, nani ataamka naye asubuhi mama akilazwa ghafla, na nani atashughulika na fedha na nyaraka zake, mmeanza vizuri. Urithi wake wazazi wausemee kwa mwanasheria. Sheria za wosia, usimamizi na ulezi wa mtu mzima zinatofautiana nchi na nchi, na mali ikiandikwa ovyo inaweza kumponyoka au kuwagombanisha ninyi wawili mliobaki. Huenda mama akalia. Mwache alie, mpe muda, mwendelee.

Wewe binafsi nakupa kazi moja, kwa sababu hakuna anayeiweza kama wewe: andika daftari. Maneno yake na maana zake, maana uko peke yako kwenye kazi ya kumfasiria, na siku usipokuwepo anabaki bubu. Andika anavyoonyesha kwamba anaumwa, dawa zake, tarehe ya upasuaji, kinachomtuliza, kinachomkera, hata mpangilio wa vile viatu. Mfundishe mama na kaka kulisoma. Weka humo pia mambo ya kuangaliwa na daktari anavyokua. Watu wenye sindromu ya Down hupata mara nyingi matatizo ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, masikio, macho, na pumzi kukatika usingizini, na wanapofika miaka ya 40 na 50 huwa katika hatari kubwa ya ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu taratibu, mapema kuliko watu wengine. Akianza kuwa mzito, mkimya, au kuacha alichokuwa anakiweza, asiambiwe "ndiyo hali yake". Apimwe. Pengine ni tezi, pengine hasikii vizuri, pengine ni huzuni ya dada yake kuondoka, na yote hayo yana tiba.

Ukiolewa hutakuwa umemtupa. Kaka yako alioa na hakuna aliyetumia neno hilo. Panga kitu kidogo unachoweza kukitimiza kila wiki bila kukosa, simu ya saa ileile, au siku moja ya kuwa naye, wawili tu, mkifanya anachokipenda badala ya kumhudumia. Ni muda mrefu sana hujapata kuwa dada yake tu.

Na mchumba wako mwambie kweli, baada ya kikao cha nyumbani na kabla ya kuweka siku ya ndoa. Mwambie hivi: "Mdogo wangu ni sehemu ya maisha yangu. Tumeanza kupanga, na yeye mwenyewe yumo. Inawezekana siku moja akawa na chumba kwetu, inawezekana asiwe nacho. Nataka kujua wewe unaweza nini na huwezi nini." Akijibu haraka kwamba hakuna shida yoyote, usiridhike. Muulize tena kwa mifano: wakiumwa wote wawili, mtoto wetu na yeye? Ukipata kazi mji mwingine? Mama yako akisema asionekane siku ya wageni? Akikuambia kuna jambo moja ambalo haliwezi, mshukuru, mliweke mezani na mengine, mtafute nani analiweza. Akikuambia hamtaki kabisa nyumbani kwake, hata kwa kumtembelea, basi umepata jibu ukiwa bado kwenu, na uniandikie tena.

Shangazi yako